Panadol ya alfajiri, au namna ya kujua kama mtoto abaki nyumbani leo

Mimi ni fundi cherehani, Ujiji, Kigoma. Uganga sijasomea. Ninachojua kuhusu watoto na homa nimekijua kwa sababu mama yao husafiri na mzigo wa dagaa kwenda Tabora, mara nyingine hadi Shinyanga, na kwa siku nne tano nyumba inabaki mikononi mwangu: kijana wa miaka tisa tunayemwita Babu kwa kuwa amebeba jina la marehemu baba yangu, mdogo wake wa kike aliye darasa la kwanza, na binti wa kaka yangu aliye darasa la saba. Saa kumi na mbili asubuhi uji uko jikoni, mmoja anakuja amejikunyata, anasema, "Baba, sijisikii vizuri." Hapo unatakiwa uamue, na kengele ya shule haikusubiri.

Nianze na kosa langu. Babu akiwa darasa la kwanza, mwezi wa tatu, mvua zimeshika, aliamka na joto. Siku hiyo nilikuwa na sare za kwaya za kukabidhi kabla ya saa kumi jioni, na vifungo nilikuwa hata sijaanza. Nikampa Panadol na uji. Baada ya nusu saa joto limeshuka, mtoto anacheka, nikamfunga kamba za viatu nikamwambia akazane. Saa nne, wenzake wakiwa kwenye foleni ya uji, akaishiwa nguvu uwanjani, anatetemeka na meno yanagongana. Mwalimu wake akampakia bodaboda akamleta mpaka mlangoni pa kazi yangu. Tukaenda zahanati, akatobolewa kidole, kipimo kikaleta mistari miwili. Malaria.

Nesi akaniuliza, "Asubuhi alikuwaje?" Nikasema alikuwa mzima. Akanitazama kidogo. "Alikuwa mzima, au ulimpa Panadol?"

Swali hilo sijalisahau. Paracetamol, yaani hiyo Panadol, hushusha joto na kutuliza maumivu kwa saa nne hadi sita hivi. Ukimpa saa kumi na mbili asubuhi, nguvu yake inakwisha kati ya saa nne na saa sita mchana, yaani mtoto yuko darasani na wewe uko mbali. Ugonjwa wenyewe haujaguswa. Kwa hiyo kwangu sasa ni hivi: mtoto ambaye hawezi kwenda shule mpaka apewe Panadol, haendi. Nampa dawa, ndiyo, asiteseke, lakini anaimeza akiwa nyumbani. Na nampa kwa uzito wake kama pakiti inavyoelekeza, si zaidi ya mara nne kwa siku nzima. Aspirini simpi mtoto kabisa, nesi alinikataza.

Mtazame kabla hujamuuliza. Ukimuuliza mtoto "Unaumwa?" atakujibu kile anachoona unakitaka. Mimi namwangalia anavyotoka kunawa uso. Anatembea au anajikokota? Amegombana na mdogo wake kuhusu sukari, au amemwachia? Babu akiacha sukari bila ugomvi, najua kuna jambo. Kisha namgusa mgongoni na tumboni kwa upande wa nyuma wa mkono, maana paji la uso la mtoto aliyetoka kwenye blanketi linadanganya. Baada ya hapo ndipo naleta themometa. Niliinunua duka la dawa kwa bei isiyofika ya kushonesha sketi moja, na sijui kwa nini niliishi miaka yote ile bila kuwa nayo. Unaiweka kwapani, unabana mkono, unasubiri ilie. Ikisoma 37.5 kwenda juu, wahudumu wa afya wanaihesabu kuwa homa. Ikifika 38 sina tena la kujadili.

Mwenye homa anabaki. Anarudi shule akimaliza saa 24, mchana na usiku, bila homa na bila dawa ya kushusha homa. Hilo la mwisho watu hulisahau. Jioni mtoto yuko sawa kwa sababu ya Panadol ya saa tisa, na kesho tunarudi kule kule uwanjani.

Huku kwetu homa haitaki kubahatisha. Kigoma na Tabora ni miongoni mwa mikoa ambayo malaria imeielemea zaidi nchini, na mtoto mwenye homa anapimwa siku hiyo hiyo, si kesho kutwa. Kipimo cha haraka ni tone la damu na robo saa hivi ya kusubiri. Mstari mmoja wa juu unaonyesha tu kwamba kipimo kinafanya kazi; wa pili ukitokea ndiyo malaria. Ukikosekana wa pili, usimpe dawa mseto ya malaria "ya kukinga", maana homa ina chanzo kingine na kinatakiwa kutafutwa.

Akikutwa nayo, dawa mseto inamezwa mara sita kwa siku tatu: ya kwanza pale pale, ya pili baada ya saa nane, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Imezwe na chakula, hasa chenye mafuta kidogo. Ugali na maharage yaliyoungwa kwa mawese vinafaa kabisa. Akitapika kabla nusu saa haijaisha, anarudia dozi. Hii ya saa nane ndiyo inayotushinda wazazi, kwa sababu mara nyingi inaangukia usiku wa manane. Mimi naweka kengele ya simu. Na dozi imalizwe hata kama siku ya pili anapanda mwembe. Vidonge vya kubakiza kwenye kikombe juu ya kabati ndivyo vinavyotuponza mwaka unaofuata, kwa mtoto mwenye uzito mwingine.

Malaria haiambukizwi kwa kukaa dawati moja. Unamweka nyumbani kwa ajili yake mwenyewe, si kwa ajili ya wenzake. Siku ya tatu, kama homa imeondoka na anakula, naye ametimiza zile saa 24, aende. Dozi zilizobaki ni za asubuhi na jioni, zote anamezea nyumbani. Kama siku ya tatu bado anachemka, rudini kituoni.

Halafu kuna hali ambazo hata shule huifikirii tena, unakimbia: degedege; mtoto kulegea au kutoamka vizuri; kutapika kila anachopewa; kushindwa kunywa; viganja kuwa vyeupe; mkojo mweusi kama chai ya rangi; shingo kukakamaa; kupumua kwa shida. Usiku au mchana, bodaboda, jirani mwenye gari, chochote, mpaka zahanati iliyo karibu au hospitali ya Maweni moja kwa moja. Degedege si ya kufukizia majani kwanza. Nasema hivi nikijua nitanuniwa na baadhi ya wazee wa mtaani.

Kuna mtoto wa jirani mwenye sikoseli, yuko darasa moja na binti yangu. Kwa mtoto huyo sheria zangu zote hizi ni ndogo. Yeye homa ni hospitali hapo hapo, hata kama anacheka, na maumivu ya mifupa yake si ya kuambiwa avumilie. Kama una mtoto kama huyo, mwalimu wa darasa ajue tangu siku ya kwanza ya muhula.

Kuhara sasa. Choo kimoja laini baada ya kula maembe mabichi na chumvi si ugonjwa, ni adabu. Choo cha majimaji mara tatu kwa siku ndicho kuhara, na mtoto huyo anabaki nyumbani mpaka zipite siku mbili tangu choo cha mwisho kibaya. Wengine husema siku moja inatosha. Mimi nashikilia mbili, kwa sababu nimeona matundu ya vyoo shuleni na foleni yake, na kibuyu chirizi mara nyingi hakina maji kufikia saa tano.

ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, ina mtego wake. Pakiti moja ni ya lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Chupa kubwa ya maji ya dukani, ile tunayoihifadhi nyumbani, ni lita moja na nusu. Nilichanganya humo mara ngapi sijui, dawa inakuwa nyepesi na mimi najisifu. Tafuta chupa ya lita moja, au mimina chupa mbili za nusu lita kwenye ile kubwa, utie alama maji yalipoishia. Apewe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe, akitapika subiri dakika kumi uanze tena, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Kituoni watakupa na vidonge vya zinki; hivyo vinaendelea mpaka siku walizokuambia hata kama kuhara kumekoma. Damu kwenye choo, au macho kuingia ndani na ngozi ya tumbo ukiibana haisawaziki haraka, huko ni kituoni.

Na choo kikiwa kama maji ya mchele, kingi, bila kukoma, usingoje kupambazuke. Tuliokuwa hapa 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa Kagunga na meli ya Liemba ikawa inawaleta mjini, tunajua kipindupindu kinavyokwenda mbio.

Kwa vipele ndipo nilipogombana na bibi mwenye nyumba. Binti yangu alipata tetekuwanga mwaka jana, akaanza na viwili kifuani, kufikia jioni mgongo mzima. Bibi akaja na kikombe cha mawese ya vuguvugu, anataka kumpaka mwili wote. "Mwanangu, sisi tumelelewa na haya." Nikamwambia, "Shikamoo bibi, haya ni ya mboga." Tukacheka, lakini alinuna siku mbili. Tulimpaka kalamini, ile dawa ya waridi, tukamkata kucha fupi, basi.

Tetekuwanga inatoka kwa mawimbi: vya jana vinakauka, vipya vinachipuka. Usihesabu siku tu, hesabu vipele. Siku ambayo hakuna kipya na vyote vimekauka na kufanya magaga, anarudi. Kwa wengi ni kama wiki moja. Mwambie mwalimu mapema, maana mtoto huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla kipele cha kwanza hakijaonekana, na huenda kuna mwalimu mjamzito ambaye anatakiwa kujua. Surua ni nyingine: homa kali, kikohozi, macho mekundu, kisha vipele vidogo kuanzia usoni na nyuma ya masikio kushuka chini. Hiyo lazima kituoni, na kurudi shule ni siku nne baada ya vipele kutokeza, tena akiwa na nguvu. Angalia kadi yake ya kliniki kama alichanjwa miezi 9 na miezi 18. Machubwichubwi, siku tano tangu shavu livimbe.

Sisi wa ziwani tuongeze moja. Machi 2025 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba Mpox imeingia nchini, na Congo tunaitazama kwa macho ng'ambo ya maji. Mtoto mwenye homa, mitoki iliyovimba na vipele vigumu hata viganjani na nyayoni, usimpeleke shule wala usimpitishe sokoni. Piga 199, ni bure, waeleze, wakuelekeze. Huyo harudi shule kwa vipele kukauka tu. Magaga yote lazima yadondoke na ngozi mpya iote chini yake.

Macho mekundu wengi mnayakumbuka, mwanzoni mwa 2024 yalivyoanzia Dar es Salaam watu wakawa wanajitia kila kitu: maji ya chai, maziwa ya mama, hata mkojo. Usitie. Safisha tongotongo kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho kwa kitambaa chake, halafu umpeleke kituoni. Anabaki nyumbani wakati macho bado yanatoa majimaji au usaha. Taulo yake ikae peke yake, na wanja pia! Kwetu Ujiji kijiti kimoja cha wanja kinapita macho ya nyumba nzima siku ya sikukuu, na sikukuu ikiisha mtaa mzima unafikicha macho.

Mafua bila homa, aende na leso. Ukimweka nyumbani kwa kila kamasi hatamaliza muhula. Kikohozi nakisikiliza usiku: kama kimemnyima usingizi, au anakohoa mpaka anatapika, alale kwanza. Kama anapumua haraka, au ukimvua shati unaona nyama chini ya mbavu inaingia ndani kila anapovuta pumzi, huo si mjadala wa shule tena, kimbia. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinapimwa kifua kikuu, na kipimo hicho hakilipiwi katika vituo vya serikali.

Chawa hawamzuii mtu shule. Upele wa kuwasha, anapakwa dawa usiku mwili mzima, na wote mnaolala naye mpakwe, nguo na mashuka yafuliwe. Kesho yake anaweza kwenda. Mapunye ya kichwani hayaishi kwa mafuta ya kupaka peke yake, yanataka vidonge vya wiki kadhaa kutoka kituoni, lakini akishaanza dawa aende tu, ila asinyolewe kwa mashine ya kinyozi inayopita vichwa vyote.

Sasa tumbo la Jumatatu. Babu alikuwa nalo muhula mzima wa kwanza wa darasa la pili. Jumamosi hana, Jumapili hana, Jumatatu asubuhi anajikunja kama kambale. Mama yake alisema anadeka. Nesi yule yule akanifundisha jambo: mwambie aruke kwa mguu mmoja, mara tano. Tumbo lenye hatari, la kidole tumbo, halikubali kurukwa. Mtoto anaruka mara moja anashika upande wa kulia chini, analia. Huyo ni hospitali bila kuchelewa, na usimpe chakula njiani. Babu aliruka mara tano akaomba aruke na mguu wa pili.

Kwa hiyo alikuwa mzima, lakini hakuwa anadanganya. Nilimkalisha chini ya meza ya kukatia, nikampa vifungo apange kwa rangi, na baada ya saa nzima akasema mwenyewe. Jumatatu ndiyo siku ninayompa shilingi mia tano ya bagia za wiki, na kuna wakubwa wawili walikuwa wanamngoja nyuma ya vyoo. Tumbo lilikuwa linauma kweli, ila dawa yake haikuwa zahanati. Nilimwona mwalimu wa zamu, nikaanza kumpa mia kila siku, na tumbo likapona. Tumbo linalofuata kalenda, uliza kuna nini siku hiyo.

Kwa mabinti wakubwa neno moja. Hedhi si ugonjwa wa kukosa shule, lakini kukosa pedi kunamkalisha binti nyumbani siku nne kila mwezi naye anakuambia kichwa kinauma. Binti wa kaka yangu aliniambia, "Baba mdogo, kichwa," miezi mitatu mfululizo, mpaka mama watoto akanifumbua macho. Nikamshonea pedi za kufua, pamba ndani na kitambaa kisichopitisha maji chini, na kifuko chake. Maumivu makali ya kumfanya atapike ni suala la kituo.

Ukiamua abaki, mjulishe mwalimu kabla ya kuitwa majina. Mimi hutuma ujumbe huu: "Madam, habari za asubuhi. Ni baba yake fulani wa darasa la tatu. Leo hatafika, ana homa tangu jana usiku. Tunakwenda kupima, majibu nitakutumia jioni." Utaje ugonjwa, hasa wa kuambukiza, mwalimu anayejua kuna tetekuwanga atawatazama wale wengine watatu wa dawati lile. Kwa wa darasa la nne na la saba siku za mitihani ya taifa, usiamue peke yako, mwalimu mkuu aambiwe asubuhi ile ile.

Kisha kazi. Si kila mtu ana meza ya kukatia ya kumlaza mtoto chini yake. Mimi ninayo, na pale nimetandika gunia la vipande vya vitenge. Mwenye malaria au tumbo analala hapo, karibu na chupa yake ya maji, nikishona namsikia anavyopumua. Mwenye cha kuambukiza simleti kwa wateja. Huyo anabaki na bibi mwenye nyumba, ambaye tetekuwanga aliimaliza zamani za ukoloni, na mimi namlipa kwa kumshonea gauni la Idi bila fedha. Panga hilo kabla mtoto hajaugua. Saa kumi na mbili asubuhi si wakati wa kutafuta mtu.

Siku ya kwanza analala tu. Siku ya pili anaomba maji ya ndimu na supu ya samaki, mgebuka, anaacha nusu. Ikifika siku ambayo nageuka nakuta amechukua chaki yangu na kuchora treni juu ya kitambaa cha mteja, mabehewa sita na moshi, napima joto kwa kutimiza wajibu tu, na jioni naanza kutafuta soksi zake za shule.